Sanduku la Kwenda Saigon

Mwaka ule nilichoka. Sisemi uchovu wa kumaliza zamu, ule unaoisha ukioga na kulala. Huu ulihamia mwilini. Niliamka nao, nikapanda nao treni, na jioni nikarudi nao mtaani kwetu Quakers Hill, Sydney. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, vituo vichache kutoka kwangu. Asubuhi tunawaamsha, tunawaogesha na kuwavalisha, na kabla jua halijatua tunaanza kuwarudisha vitandani. Mwezi wa tano, bibi mmoja ninayemwogesha alinishika shavu, akaniambia niketi kwenye kitanda chake nipumzike kidogo, yeye atasimama. Bibi huyo hajasimama kwa miaka mitatu. Nikacheka naye, nikamfunika miguu, kisha nikaingia bafuni nikalia kwa dakika mbili, maana rosta ya zamu haikuruhusu zaidi ya hapo.

Jioni ile nilimwambia mume wangu nataka likizo.

"Nyumbani?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Likizo."

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa chai itapikwa bila maji. Sikumlaumu. Tangu tuje Sydney tumepanda ndege ya likizo mara nne, na mara zote nne ilitupeleka Nakuru kwa mama yangu, halafu kwa watu wake. Kwa sisi watu wa huku, ndege ina mwisho mmoja tu. Hata meneja wangu ameshazoea. Nikiomba siku za kupumzika anauliza kabla hajasoma fomu, "Going home?"

Lakini nyumbani hatupumziki. Mara ya mwisho tulikaa wiki tatu. Wageni walianza kuingia kabla sijapiga mswaki, na kila mgeni lazima umkaribishe, umpe chai, umsikilize, umwambie Australia ni nchi nzuri lakini baridi. Usiku nililala godoro moja na binamu wawili waliotaka kuongea. Siku ya kutuaga, shangazi mkubwa aliomba sala ndefu akianza na babu zetu waliokufa, na mimi nikasinzia kwenye kiti, nimeshika sahani ya pilau mapajani. Nilipozinduka sahani ilikuwa mezani na watu wote wanasema amina. Nikasema amina pamoja nao, nikashukuru kwamba hakuna aliyeona.

Wala si kwamba siwapendi. Nawapenda, na ndiyo maana siwezi kukaa nao bila kufanya kitu. Nilirudi kazini nimekonda na sauti imekauka. Wenzangu wakaniuliza likizo ilikuwaje, nikasema ilikuwa tamu sana, nikaenda kutafuta dawa ya kichwa.

Wazo la Saigon lilitoka kwa mwenzangu wa kazini. Yeye ni Mvietnam aliyeletwa Sydney akiwa mtoto, na wazazi wake bado wanaishi mtaa wa Cabramatta. Ramani zinaandika Jiji la Ho Chi Minh, lakini yeye husema Saigon. Siku moja tulikuwa tunakunja mashuka, nikamwambia natafuta mahali penye joto, ambapo naweza kukaa siku tano bila kumwogesha mtu na bila kuombewa. Alicheka sana. Akaniambia niende Saigon, watu wengi, kelele nyingi, chakula kila kona, na hakuna hata mmoja atakayeniuliza nitarudi lini.

Jumamosi iliyofuata akatupeleka Cabramatta, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa, tukala supu ya tambi na nyama kwenye duka lenye viti vya plastiki. Mezani, kati ya mabakuli, mwenzangu akachora ramani nyuma ya karatasi ya bei. Huku ndiko mlale, karibu na mto lakini si kwenye barabara kubwa. Soko hili nendeni asubuhi, jua likipanda hamtaliweza. Mkivuka barabara msikimbie na msisimame, tembeeni polepole, pikipiki zitawapita pembeni zenyewe. Mwezi wa saba mvua inanyesha karibu kila alasiri, kwa hiyo alasiri msipange kitu.

Nilimpenda hapo hapo. Alasiri msipange kitu. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno hayo nikiwa macho.

Kisha nikamuuliza, "Nibebe nini kwa watu?"

"Watu gani?" akauliza.

Nikainamia supu yangu.

Mume wangu ni katibu wa wanaume kanisani, na ukimpa safari anatoa ratiba. Kesho yake aliniletea kurasa mbili zilizopigwa chapa. Saa moja kamili kifungua kinywa, saa mbili makumbusho, saa nne mahandaki ya wakati wa vita, saa saba chakula, saa nane mashua mtoni. Siku ya mwisho alikuwa ameweka nafasi ya neno la shukrani. Nikamuuliza atamshukuru nani. Akasema hiyo imekaa tu kwenye fomu, ni ile ile anayotumia kwa harusi.

Nikachukua kalamu. Nikamwachia soko, mahandaki siku moja, na kahawa ya asubuhi kwenye vile viti vifupi vya kando ya barabara. Mengine nikayafuta. Kila siku, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, nikaandika kwa herufi kubwa: MVUA. KULALA.

"Tunaenda mbali hivyo kulala?" akauliza.

"Wewe utaangalia mvua," nikamwambia. "Mimi nitalala."

Tukakubaliana jambo moja zaidi, kwamba nyumbani wasijue. Msituhukumu haraka. Kuna mama mmoja wa ushirika wetu wa Doonside aliyewapeleka watoto wake Bali mwaka juzi. Picha zikafika kwa wakwe zake kabla yeye mwenyewe hajafika, na wakwe wakakaa kikao. Kama una siku za kupumzika na tiketi ya ndege, na mama yako yuko hai, umempitaje kwenda kwingine? Swali hilo halina jibu fupi. Mimi sikuwa na nguvu ya kulijibu. Nilitaka kwenda, kulala, na kurudi, na mama yangu asijue kwamba kuna safari niliyoichagua ambayo yeye hakuwa mwisho wake.

Binti yetu nikamweleza asimwambie shosho wake, mama yangu.

"So it's a secret," akasema.

"Ni jambo la nyumba hii," nikasema.

"That's a secret, Mum."

Sasa nikiri kosa langu, maana lilikuwa langu. Mwanzoni mwa Juni nilishusha sanduku kubwa kutoka juu ya kabati, nikalifungua kwenye ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni, nikaanza kulijaza. Sikufikiri. Mikono ilijua yenyewe. Mafuta ya kujipaka, vidonge vya magoti, viatu vya watoto ambao saizi zao nilikuwa nakisia, chokoleti, taulo za jikoni, na sweta zito la rangi ya zambarau ambalo nilikuwa nimelinunua kwa ajili ya mama. Wiki nzima nilipita nikiongeza. Mume wangu naye alipita akatia mashati mawili ya kaka yake. Tuliliruka lile sanduku asubuhi na jioni, watu wazima wawili wenye akili zao, tukiwa na tiketi za kwenda mji ambao hatumjui hata paka wake.

Jumapili moja baada ya kanisa tulimpigia mama. Kwetu ilikuwa jioni na jua limeshazama, kwake ni mchana mweupe. Binti yangu alikuwa ameshika simu, akatembea nayo kuelekea jikoni kunitafuta, na kamera ikapita juu ya sanduku. Nilikuwa kwenye sinki, nikasikia sauti ya mama.

"Hiyo sanduku ni ya kwenda wapi?"

"We're flying in July, Shosho," binti yangu akasema. "But I'm not allowed to tell."

Mama anaelewa Kiingereza kuliko anavyoonyesha. Nilikausha mikono nikaichukua simu. Lakini mama hakuuliza kitu. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni. Akaniuliza habari ya baridi, akaniambia nimsalimie mume wangu, akakata. Nikajiambia labda hakusikia vizuri. Mtu aliyechoka huamini linalomrahisishia kazi.

Siku tisa baadaye ndugu yangu, anayeishi na mama, alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka. "Wee, msijifanye, surprise yenu imejulikana. Mathe amepaka rangi ile room yako, amenunua godoro mpya, ananisumbua nirekebishe maji moto. Ananiambia nisikuambie ati asikuharibie raha. Mnaland lini, nikuje na gari?"

Niliusikiliza ujumbe ule mara tatu, nimekaa juu ya kifuniko cha sanduku. Mama alikuwa anatunza siri yangu, siri ambayo haikuwepo. Mwanamke wa miaka sabini na moja amepanda kiti na brashi, au amemsimamia mtu aliyepanda, anataja rangi anayoitaka, na mdomo ameufunga ili mimi nifurahi kumshtukiza.

Mume wangu alipotoka kazini nikamwekea ujumbe akausikia. Akavua viatu taratibu.

"Tunaweza kubadilisha," akasema.

"Nimepewa wiki moja tu."

"Siku ya kwenda, siku ya kurudi. Tunabaki na tatu, nne. Atakuwa ametuona."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa dakika nzima. Nilimwona shangazi mkubwa ameshavaa kuja kutuombea. Niliona chai, na mlango usiofungwa, na mimi nikirudi kazini Jumatatu kumwinua bibi yangu asiyesimama. Nikahesabu siku hizo na mwili wangu ukakataa, waziwazi, kama unavyokataa chakula ukiwa mgonjwa. Na papo hapo nikaliona lile godoro jipya, labda bado liko kwenye nailoni yake. Vyote viwili vilikuwa vya kweli.

"Nitamwambia," nikasema.

"Utamwambia nini?"

"Kwamba hatuji."

Nilimpigia Jumamosi, nikiwa peke yangu chumbani, mlango nimeufunga. Mama alipokea akiwa chumbani kwangu. Nafikiri alisahau kwamba ukuta utaonekana. Ulikuwa wa rangi ya maziwa, safi, bila ile alama ya mafuta ya nywele niliyoiacha pale nikiwa msichana wa sekondari.

"Mama," nikasema, "hatuji."

Aliendelea kutabasamu kwa muda, maana uso ulikuwa haujapata habari.

"Mwezi wa saba?"

"Hatuji mwezi wa saba. Mtoto alikuwa anasema safari nyingine."

"Na sanduku?"

"Sanduku ni mazoea, Mama. Nilianza tu kuweka vitu."

Akaangalia pembeni. Nilisikia kuku nje ya dirisha, na mtu akiburuta ndoo. Nilitaka aseme kitu kikali, ili nami nijitetee. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno mazuri kuhusu zamu na mgongo wangu.

"Mnaenda wapi?" akauliza.

"Vietnam. Mji unaitwa Saigon. Siku tano."

"Ni kazi imewapeleka?"

"Hapana."

"Kuna harusi?"

"Hapana, Mama."

"Ni kanisa?"

"Si kanisa."

Akafikiri. Niliona anatafuta sababu nyingine inayoweza kumtoa mtu kwake akapanda ndege, na sababu zilikuwa zimemwishia.

"Huko kuna nani wetu?"

"Hakuna mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mama."

Simu ikainama, nikaona dari, kisha taa, kisha tena dari. Alikuwa anakaa. Nilisikia ile nailoni ya godoro ikilia chini yake. Nikasema nisamehe, na sauti yangu ikatoka nyembamba, sauti ya msichana aliyevunja kikombe. Nikasema rangi ni nzuri. Nikasema mwakani, Mungu akipenda, wiki nne. Nilikuwa nasema ovyo, nikiahidi siku ambazo sina, na machozi yameshafika kidevuni.

Mama akainua simu hadi nikamwona uso wote. Hakuwa amelia. Alikuwa ananitazama vile anavyotazama mtoto mwenye homa.

"Basi huko utalala," akasema. "Hapa kwangu ulilala umeshika sahani. Ni mimi niliyeitoa mkononi."