Udi wa Saa Nane Mchana

Naitwa Salma. Kumbukumbu yangu ya miezi miwili ile ina matundu, kwa hiyo mkiona nimelitanguliza jambo lililokuja baadaye, nisameheni. Mengine nayasimulia kwa sababu niliyaona, mengine kwa sababu nimeambiwa, na machache hadi leo sijui kama yalitokea au niliyaota. Naandika kwa sababu nipo hai, na mume wangu yupo hai, na najua nyumba nyingi hapa Muscat zinafanya nilichokuwa nikifanya mimi.

Nilizaliwa Unguja, nikaletwa Muscat mdogo, nikalelewa na mama ambaye Kiarabu alikitumia kwa kugombana tu. Miaka mingi nilikuwa karani katika skuli moja ya Ghubra. Umri ulipokwisha kwenda na kila mtu ameshakata tamaa na mimi, nikaolewa na Mmarekani. Kwao ni Iowa, katikati ya nchi, mbali na bahari yoyote. Wana shamba la mahindi na ng'ombe, na mnyama mwingine ambaye mama aliomba asitajwe mezani.

Ujanani mume wangu aliingia jeshini, akapelekwa vitani Iraki kuendesha malori. Bomu lililipuka kando ya njia. Yeye alitoka mzima, ila sikio la kushoto halisikii na usingizi wake haukurudi kamwe kuwa usingizi wa watu. Baadaye alikuja Oman kutengeneza majenereta, akasilimu, akachagua jina la Idrisa. Tulipooana tukapanga nyumba ndogo Qantab, kwa kuwa alitaka mahali pasipo na kelele. Mlango ukijibamiza kwa upepo huinama, halafu hucheka kwa haya. Hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti, na hilo nataka lisomwe kabla ya mengine yote.

Kiangazi kilichopita alifiwa na mwenzake wa jeshini, akaacha kulala kabisa. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiangalia ukuta. Hospitali walimpa dawa, akasema zinamfanya mzito, akaziacha. Ndipo nikakumbuka ya mama: mtu akishtuka, afukizwe. Nikanunua chetezo kikubwa cha udongo, mkaa, udi na ubani mzuri. Kila siku tukishasali adhuhuri na kula, saa nane hivi, nilifunga madirisha, nikawasha kiyoyozi, nikakiweka chetezo miguuni mwa kitanda, tukalala wote wawili.

Idrisa akalala. Alilala saa mbili mfululizo, mdomo wazi, anakoroma. Nilimpigia simu mdogo wangu Nassor kule Ghubra nikamwambia kwamba kuanzia sasa mganga wa ukoo huu ni mimi.

Sijui ilikuwa wiki ya ngapi kichwa changu kilipoanza. Kiliuma mbele, juu ya macho, kama nimefungwa kitambaa na mtu anakikaza. Nikiamka mchana natapika. Miguu ikawa haina nguvu. Nilitia chumvi kwenye chai. Nilisali asri rakaa sijui ngapi, nikaanza upya, nikapotea tena, nikakaa juu ya mswala nikalia. Siku moja nilianguka jikoni, nikazinduka shavu langu lipo sakafuni na sufuria inaungua.

Idrisa naye alikuwa akibadilika. Funguo za gari nilizikuta ndani ya ndoo ya mchele. Aliniuliza mara tatu siku moja kama baba yake amekwisha kula, na baba yake ni marehemu miaka mingi. Aliniangalia kwa jicho ambalo sikulijua. Nikasema vita vimemrudia. Na kila alipozidi, nilizidisha mkaa.

Nassor alinipeleka kituo cha afya. Daktari alinibana kidole kwa kile kidude cha kupima hewa, kikaonyesha tisini na tisa. Presha nzuri, sukari nzuri.

"Hewa unayo tele, khalti," akaniambia, kwa adabu ya kumwita mtu mama mdogo. "Ni joto na mawazo. Pumzika mchana."

Nikamtii. Nilirudi Qantab, nikawasha mkaa, nikapumzika.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniaibisha. Wakati huo chai ya asubuhi alinitengenezea Idrisa. Aliianza desturi hiyo mimi nilipoumwa, kwa mapenzi. Lakini kichwa kilichochafuka hakijui mapenzi. Nilimwona anakoroga, nikahesabu anavyokoroga, nikaona ni nyingi mno. Nikampigia Nassor nimejifungia chooni.

"Njoo unichukue. Nnaumwa, na nadhani Idrisa ananitia kitu kwenye chai."

Nassor hakuuliza mara mbili. Alipofika, Idrisa alikuwa amesimama sebuleni na kikombe changu mkononi. Aliuliza, "Salma anakwenda wapi?" Nassor akamjibu, "Anakwenda kupumzika kwa ndugu zake." Nilipita mbele yake bila ya kumwangalia usoni.

Ghubra siku ya kwanza nililala tu. Siku ya pili kichwa kikaachia. Siku ya tatu nilikula samaki mzima, nikaomba na wali.

"Umeona, dada?" akasema Nassor. "Umetoka mikononi mwake, umepona. Unataka ushahidi gani tena? Mtu wa watu, maskini, lakini vita havijamtoka. Twende kwa kadhi tuyamalize kwa heshima."

Mwili wangu ulikubaliana naye, maana ulikuwa umepona kweli. Moyo haukukubali. Nilijiuliza mtu anayeinama mlango ukijibamiza anaweza vipi kumwua mkewe polepole, kijiko kwa kijiko. Kisha nikajijibu kwamba mimi ni karani tu wa skuli, najua nini juu ya vita. Nikazunguka hapo hapo kutwa, nisijue niamini kichwa kipi, kile kilichoumwa au hiki kilichopona. Nikamwambia Nassor sawa, Jumapili twende.

Kabla ya Jumapili, nadhani ilikuwa Alhamisi, saa nane na nusu mchana, simu yangu ikalia. Alikuwa Carol, dada yake Idrisa, aliyebaki shambani Iowa. Kwao ilikuwa alfajiri na nilisikia ng'ombe. Carol hana maneno mengi, na hakunisalimu.

"Nimeongea naye sasa hivi. Ulimi mzito, hajui siku. Anasema anaumwa kichwa kila akiamka usingizi wa mchana. Mnafanya nini mchana?"

Nikamweleza. Nilijisikia ninajisifu hata wakati ule: udi gani, ubani gani, jinsi kaka yake anavyolala.

"Unaunguza na nini?"

"Mkaa."

"Ndani? Madirisha wazi?"

"Yawe wazi vipi na kiyoyozi kinawaka?"

Akaniambia, taratibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba ami yao aliwasha trekta ghalani wakati wa theluji, milango imefungwa, na walimkuta amekaa kwenye kiti chake hana jeraha. Kwao kila mtoto anaijua hewa ile. Haina harufu wala rangi, na moto wowote uliofungiwa huitoa. "Glen anaijua vizuri," akasema, akimwita kwa jina lake la zamani. "Lakini kwake ni kifo cha baridi. Huko kwenu hakuna baridi, ndiyo maana hakuifikiria. Ameniambia anajifukiza mwenyewe, kama ulivyomfundisha. Anataka ukirudi umkute mzima. Nenda ukamtoe."

Nassor aliendesha kasi kupitia Bustan hadi Qantab. Tulipofungua mlango, udi ulitupokea mzuri, mtamu. Idrisa alikuwa amelala ubavu, amejitapikia, mashavu mekundu, na chetezo miguuni kinawaka. Nilimwita katika sikio zima, hakujibu. Nassor alimbeba mabegani kama gunia akamtoa uani, mimi nikabaki nafungua madirisha, na kwa dakika zile chache nilisikia kitambaa kile kinanikaza kichwani. Hapo nilielewa. Nikatoka nikitambaa.

Hospitalini walimtia barakoa ya oksijeni, wakampima damu. Daktari, msichana wa Kiomani mwenye sauti ndogo, alitufafanulia kwamba hewa ya mkaa hukaa kwenye damu katika kiti cha oksijeni, na kidude cha kidoleni hakiwezi kujua nani amekaa kitini. Kinahesabu tu kwamba viti vimejaa. Akaniuliza, "Khalti, ni nani anayewasha huo mkaa?" Nikanyanyua mkono, kama mtoto darasani.

Idrisa alizinduka kesho yake. Wiki mbili alitembea akishika ukuta, na maneno mengine yalimkimbia kwa lugha zote mbili, yake na yangu. Mwezi ule haukumbuki vizuri. Nassor, ambaye sasa humletea halua kila Ijumaa kwa aibu, alinishauri ninyamaze: "Hakumbuki, dada. Usimfukulie." Nikanyamaza siku kadhaa. Lakini kila akiniletea chai nilishindwa kumeza, na safari hii si kwa kumshuku.

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote: chai, choo, kadhi, Jumapili. Nilimwambia nilimwogopa. Akaniuliza:

"Carol hakukwambia kwa nini alikupigia?"

"Aliniambia ulimi wako ulikuwa mzito."

"Hilo limo. Lakini nilimwambia na jingine. Yeye ndiye kanikumbusha." Akaangalia mikono yake. "Nilimwambia nadhani mke wangu ananitia kitu."

Nilicheka, kisha nikalia mpaka akaja jirani kuuliza. Tulikuwa tumeogopana sote wawili, kitanda kimoja, na katika sisi wawili aliyesema kweli ni yeye.

Namshukuru Mungu aliyetubakishia pumzi. Namshukuru Carol na ng'ombe wake waliomwamsha mapema, na Nassor kwa mabega yake. Udi sijauacha, tunafukiza uani. Ndugu zangu, mkaa msiufungie ndani, hata kwa nia njema, hata kwa ubani ghali. Kichwa kikiuma nyumbani na kupona kwa watu, mwambieni daktari hivyo hivyo. Na mkiona mmeanza kuogopana ndani ya nyumba, msikimbilie kwa kadhi. Tokeni nje kwanza, nyote wawili, mpumue.