Wimbo wa Mwisho Upande wa Pili

Jumamosi ya pili ya Julai. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ile ya Thika ya kuingia mpaka kwa mifupa, na nguo za juzi bado mbichi kwa kamba.

Msichana wetu alikuja kutoka Kahawa Sukari kutuona. Nasema kutuona, lakini alikuja kumwangalia baba yake. Jumamosi iliyopita mzee alivaa suti akaenda kanisani, akakuta geti limefungwa, na mlinzi alipomwambia leo si Jumapili akabishana naye. Nilimwambia msichana kwa simu, na mpaka sasa sijui kama nilifanya vizuri. Ameshapanga kliniki ya Jumanne. Mzee amekataa. Anasema mtu akistaafu siku zote zinafanana, na kusema haki, hata mimi huwa nauliza leo ni siku gani.

Ili kumtuliza, msichana alimtafutia kwa simu ile albamu ya kwanza ya bendi aliyoipenda akiwa kijana wa kiwandani, bendi ya wazungu wenye magitaa na nywele nyingi. Miaka ya themanini aliicheza kwa redio kaseti hapa Kamenu mpaka majirani wakaizoea. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza cha nyimbo hunipita, kwa hivyo maoni yangu yachukuliwe hivyo tu. Niliona ngoma zinapigwa kwa nguvu kupita haja, na mwimbaji ni kama ana mafua. Lakini wimbo wa pili bado ni mtamu. Nilijikuta natingisha mguu nikishona kifungo.

Mzee alikuwa ametulia, macho amefunga. Muziki ukaisha.

"Sasa weka ule wa mwisho," akasema.

"Huo ndio ulikuwa wa mwisho, dad."

"Hapana. Kuna ule wa pole pole, unaanza na kinanda. Wameutoa."

"Hawajatoa kitu. Ona, nimetafuta kila mahali. Hiyo bendi haina wimbo kama huo."

Msichana akaniangalia. Ni yale macho aliyokuwa nayo tangu alipoingia, ya mtu anayehesabu dalili. "Mum, wewe unaukumbuka?"

Wote wawili wakaningoja. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Nilifikiria kwa bidii. Nilimkumbuka yeye akiuimba huku akinyoa ndevu, lakini sauti ya kutoka kwa redio yenyewe sikuipata kichwani. Nikasema hivyo hivyo.

"Kumbe hata wewe," mzee akasema, akageukia dirisha.

Ndipo nikakumbuka kwamba kaseti zake alimwachia mdogo wake wa Ruiru tulipopunguza vitu vya nyumba. Nikampigia shemeji, nikaweka simu kwa spika.

"Shem! Bado mko hai na hii baridi?" Nilipomweleza, akasema nimpe nafasi apande juu ya kabati, na kama akianguka tujue ni sisi tumemuua.

Alipopiga tena tulisikia redio yake ikikwaruza, halafu kinanda. Mzee alianza kuimba kabla ya mwimbaji mwenyewe.

"Wimbo uko," shemeji akasema, "lakini si ya hao. Si unajua vile walikuwa wanaturekodia pale kwa duka la stage ya matatu? Albamu ikiisha na tepu ya upande wa pili imebaki, yule jamaa anajazia na wimbo yoyote iko karibu, ndio mteja asilalamike. Hii ni ya watu wengine kabisa."

Msichana alicheka mpaka akashika kichwa. "Pole, dad. Basi tulikuwa sawa wote wawili."

"Mimi nilikuwa sawa zaidi. Mwambie huyo daktari wako hivyo. Kliniki imekwisha."

Nilitamani kuacha mambo hapo, kwa sababu alikuwa amefurahi. Lakini wimbo ni wa miaka mingi na Jumamosi ile ni ya juzi, na moja haifuti nyingine.

"Baba watoto," nikasema, "wimbo umeukumbuka kutushinda sisi wote. Lakini geti la kanisa lilikuwa limefungwa."

Shemeji akakohoa kule Ruiru, akasema kredo ya simu inaisha, akakata.

Mzee akageukia dirisha tena. Nikadhani nimeharibu siku, na labda ningengoja tubaki wawili.

"Jumanne ni saa ngapi?" akauliza mwishowe.

"Saa tatu," msichana akajibu.

"Nitaenda. Lakini aniulize ya zamani kwanza, nipate moto, ndio aje kwa hizi za juzi."

Msichana akaamua kulala kwetu. Tulikula ugali, kunde za maziwa na mayai ya kukaanga. Mzee aliongeza ugali.