Vidole vya Yustina

Mashine ilimkataa Yustina mbele ya watu. Sikuzani, msichana anayesajili laini za simu chini ya mwavuli karibu na stesheni ya reli ya Tabora, alimshika kidole gumba, akakibonyeza juu ya kile kioo kidogo na kusubiri. Taa nyekundu. Akajaribu cha shahada. Nyekundu. Akavifuta vidole kwa kitambaa, akavipulizia pumzi ya moto, akabonyeza tena. Wakamaliza mkono wa kulia, wakahamia wa kushoto, na huko nyuma foleni ikaanza kuguna.

"Samahani mama," Sikuzani alisema, "vidole vyako havisomeki. Kwani unafanya kazi gani?"

"Nafua nguo za watu."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Basi na alama za vidole umezifua zikatoka."

Watu wakacheka. Yustina naye akacheka, maana ungefanyaje? Akachukua kitambulisho chake, akajifunga kanga vizuri na kuondoka. Alipopita maduka ya Wahindi machozi yakamtoka, akajifanya kapigwa na vumbi la bodaboda.

Simu alikuwa nayo, msidhani. Lakini laini ilisajiliwa kwa jina la Jeska, rafiki yake wa tangu ujana, muuza dagaa wa soko kuu. Kila aliyemtumia Yustina ujira wake aliona jina la Jeska na kupiga kuuliza kama si matapeli hao. Nyumba ya kupanga ilikuwa kwa jina la mwenye nyumba, shamba la kijijini Ntalikwa bado lilikuwa kwa jina la marehemu baba yake Ambrosi, na mume wake Valentino alikwishatangulia mbele za haki. Alichotaka ni kitu kimoja tu cha kwake. Sasa hata mashine imesema haimjui.

Tena mikono yenyewe ilikuwa inakwisha. Hilo ndilo lililomnyima raha. Ngozi ilipasuka kwenye viungo vya vidole, ikapona, ikapasuka tena. Mwezi uliotangulia aliacha tone la damu kwenye gauni jeupe la kipaimara la binti wa mteja. Alilisugua kwa chumvi na limau hadi likatoka, akalipiga pasi na kulipeleka bila kusema neno. Nani atampa nguo mfuaji anayevuja damu? Muuza dawa wa mtaa wa Isevya alimwambia bila kuzunguka, "Mama Dafrosa, ama uache sabuni mwaka huu, ama mwakani utashindwa hata kushika kijiko." Kuacha ni rahisi kwa mdomo. Beseni ndilo lililomsomesha binti yake Dafrosa hadi akaolewa kule Puge, na ndilo lililokuwa likimlisha mama yake.

Akiba yake ilikuwa kwenye kikoba. Walikuwa wanawake kumi na wawili wa mtaa mmoja, Jeska akiwamo, wengi wao Wamoravian, wakikutana kila Jumapili baada ya ibada uani kwa Levina, mwenyekiti wao. Huyo Levina alikuwa mama lishe mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Walinunua hisa, wakakopeshana, na Desemba wakavunja kikoba na kugawana. Na walikuwa na desturi yao moja, sijui waliitoa wapi. Siku ya kuvunja, kabla mtu hajapokea fungu lake, alisimama na kutamka mbele ya wote pesa yake inakwenda kufanya nini. Waliiita kutamka. Ukishatamka umekwisha, mwaka mzima utaulizwa. Mmoja aliwahi kutamka mbuzi akanunua vitenge. Mpaka leo akipendeza tu wanamuuliza mbuzi wake hajambo?

Desemba ile, baada ya aibu ya mashine, Yustina alisimama na kutamka, "Mizinga sita ya nyuki."

Levina akapasua kicheko. "Wewe? Unayemkimbia nzi?"

"Nitawazoea."

"Haya. Tumesikia, na tutauliza."

Wazo halikutoka hewani. Asali ya Tabora haihitaji kusifiwa, na mdogo wake Ezekia, aliyebaki Ntalikwa, alikuwa mrina asali kama baba yao. Ila Ezekia alikuwa mtu wa mizinga ya magome, ile inayopandishwa juu kabisa ya mti kwa kamba, nayo tangu enzi na enzi ni kazi ya wanaume. Yustina alikuwa ameona mizinga ya kisasa, masanduku yanayoning'inizwa kimo cha kiuno. Hiyo mwanamke anaihudumia akiwa amesimama chini na gauni lake. Akamwambia fundi seremala amtengenezee sita. Pesa ikaisha yote, hata ya sikukuu.

Masanduku yalipofika nyumbani, jamani, aliyatazama kama mtu aliyejifungua mapacha. Yalikuwa na vumbi la mbao na alama za vidole vya fundi. Yustina hakuweza kuvumilia. Aliteka maji, akamwaga sabuni ya unga mpaka povu likapanda, akasugua ndani na nje kwa brashi, akasuuza, akasugua tena. Mwisho akayasuuza na ile dawa ya maji yenye harufu ya maua ambayo wateja wake waliipenda kwenye mashuka. Akayaanika juani siku tatu, akiyageuza. Hajawahi kutoa kitu kichafu mikononi mwake, aanze leo na vya kwake mwenyewe?

Januari aliyapeleka Ntalikwa kwa guta la mizigo. Ezekia alikuwa kambini porini na warina wenzake, basi mke wake na jirani wakasaidia kuyaning'iniza pembeni mwa shamba, jirani na miti ya miombo. Yustina akarudi mjini na tumaini limejaa kifuani.

Jumapili ya kwanza wakamuuliza, "Nyuki wameingia?" Bado. Ya pili, bado. Februari ikaisha. Kila alipopata nauli alikwenda kuchungulia, akakuta mjusi katika moja, siafu katika jingine, na manne matupu kabisa. Mizinga ya Ezekia juu ya miti ilikuwa inavuma. Nyuki walipita mbele ya masanduku yake, wakazunguka mlangoni kama watu wanaosoma bango la nyumba ya kupangisha, wakaenda zao. Huko mjini kidole cha kati cha mkono wa kulia kilivimba akawa anafua kwa vidole vinne. Uani kwa Levina maswali yakaanza kupungua, na hilo lilimuuma kuliko utani. Walikuwa wanamhurumia.

Machi Ezekia akarudi kutoka porini na kumpigia simu. Yustina akaenda siku hiyohiyo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Niambie ukweli. Nimetupa pesa?"

Ezekia alifungua mfuniko wa sanduku la kwanza, akaingiza kichwa. Akakitoa haraka, akapiga chafya. Akaingiza tena, akanusa kwa makini.

"Dada. Hiki kitu umekifanya nini?"

"Nimekiosha."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sabuni. Na ile dawa ya maua, ili wakute pazuri."

Ezekia alimtazama dada yake, akatazama sanduku, akakaa chini. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Loo! Hapa ndani pananuka shati la mwalimu mkuu! Nani amekwambia nyuki anapenda nyumba ya hivyo? Nyuki anataka anuse nta, anuse moshi, anuse nyuki wenzake. Umewafukuza mwenyewe, dada yangu!"

Yustina hakucheka. Alikaa kwenye tuta la karanga, akaikunja ile mikono yake iliyopasuka mapajani na kulia kwa sauti. Ezekia kicheko kikamkauka. Akasogea, akaishika mikono ya dada yake, na ndipo kwa mara ya kwanza akaiona vizuri.

"Mbona hukusema imefika hapa?" aliuliza taratibu.

"Ningemwambia nani?"

"Mimi. Sikia. Hayajaharibika. Tutayababua kwa moto wa nyasi, tutayafukiza, halafu utayapaka nta. Lakini utayapaka wewe. Baba alisema mwenye mzinga ndiye anayeupaka, na mimi siwezi kuvunja neno la baba. Na kwa mikono hiyo inayonuka sabuni usiguse hata ubao. Acha kufua kwanza. Ogea majivu, ogea maji matupu. Harufu ikutoke mwilini, ndipo uje."

"Nikiacha kufua hata mwezi, wateja watatafuta mtu mwingine. Na nyuki wasipoingia?"

Ezekia alirudisha mfuniko wa sanduku.

Jumapili ilipofika Yustina alisimama uani kwa Levina akaeleza yote, sabuni, dawa ya maua na chafya ya Ezekia. Wee! Wanawake walivunjika mbavu. Jeska alilala kwenye mkeka akipiga miguu. Mwenye mbuzi wa vitenge alifurahi kuliko wote, maana hatimaye zamu ya kutaniwa ilikuwa imemtoka. Safari hii Yustina naye alicheka. Kisha akawaonyesha mikono na kuwaambia maneno ya muuza dawa.

Levina akafuta macho yake kwa ncha ya kanga. "Wateja wako ni wangapi?"

"Nyumba saba."

"Sisi ukikutoa wewe ni kumi na mmoja. Jeska, andika. Jumatatu nafua mimi."

"Mwenyekiti, wewe una mgahawa," Yustina alisema.

"Na mashati ya watu yana kola. Nimekuuliza? Jumanne nani?"

Mikono ikanyooshwa. Wakakubaliana kwamba ujira wa kila siku unagawanywa mara mbili, nusu ya aliyefua, nusu inanunua hisa za Yustina ili asibaki nyuma ya wenzake. Yeye mwenyewe akapewa kuuza michembe stesheni, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo havihitaji sabuni. Jeska akamnunulia nta kwa pesa ya dagaa, akamkatalia hata kumshukuru.

Kwa hiyo mtaa ukaona maajabu yake. Levina, mtu mzima mwenye mwili wake, ameinama kwenye beseni anafikicha kola huku akitukana wino wa kalamu za walimu. Mteja mmoja alilalamika suruali yake imerudi na harufu ya vitunguu. Levina akamwambia avae hivyohivyo, apendeze. Jioni Jeska alipita kwa Yustina, akamshika mikono na kuinusa kabla hata ya kuketi. "Bado," alikuwa akisema. "Bado kidogo." Siku moja katikati ya Aprili alinusa, akanusa tena, akainua uso.

"Nini?" Yustina akauliza.

"Hunuki kitu. Shoga yangu, nimekujua miaka thelathini, leo ndiyo mara ya kwanza unanuka wewe."

Kesho yake alfajiri Yustina alikuwa Ntalikwa. Aliyeyusha nta, akayapaka masanduku yote sita kwa viganja vyake, Ezekia akisimama mbali na kumwelekeza kwa kidevu. Baada ya siku kumi na moja simu ya Jeska, namaanisha ya Yustina, ikaita.

"Dada," Ezekia alisema, "wapangaji wako wamefika. Wawili wamehamia, na wa tatu anachungulia chumba."

Agosti walirina. Manne yalikuwa na asali, mawili yakaendelea kununa, na Yustina aliyasamehe. Wanawake walimtaka aendelee kupumzika, naye akawaachia wateja wote wa zile nyumba saba, wagawane wenyewe. Beseni lake kubwa alimpa Levina, aliyelipokea kwa matusi na kulifanya la kukandia unga wa maandazi.

Siku moja mnunuzi wa Nzega alitaka kumtumia malipo ya ndoo mbili. Akaona jina la Jeska, akasita. "Mama, mimi sitaki kutapeliwa. Nipe namba yenye jina lako." Yustina akasema asubiri kidogo.

Alitembea mpaka stesheni akiwa na hofu ileile ya mwaka jana. Sikuzani alikuwa bado pale, chini ya mwavuli uleule, na alimkumbuka.

"Mama, umerudi? Mashine haijabadilika, nakwambia mapema."

"Jaribu tu, mwanangu. Ikikataa nitaondoka, sitakusumbua."

Sikuzani akachukua kidole gumba. Alikigeuza juani, akakipapasa. Akakibonyeza juu ya kioo, na Yustina akafumba macho kwa sababu hakutaka kuiona ile taa tena. Alisikia pikipiki, alisikia mtu akiuza karanga, alisikia pumzi yake mwenyewe.

"Fumbua macho, mama."

Ilikuwa kijani. Sikuzani alikuwa akitabasamu kama yeye ndiye aliyesajiliwa. Akakigeuza kioo cha simu kumwonyesha, lakini Yustina machozi yalishamjaa, herufi zote zikawa zinaogelea.

"Sioni. Nisomee imeandika nini."

"Imeandika Yustina Ambrosi Kasonta."

Nyuma yao foleni ilianza kuguna. Yustina akaufuta uso kwa kile kidole kilichosomeka, akainama karibu na Sikuzani.

"Soma tena," alisema. "Kwa sauti, wasikie na hao."