Uvimbe Uliobarikiwa

Mama yangu aliuza sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo miaka mingi, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Basi alipoanza kutafuna upande mmoja na kunyamaza mezani, nilijua kuna jambo. Juu kwenye kaakaa palikuwa na uvimbe kama punje ya harage, mgumu, usiouma.

Daktari wa meno hapa Rusizi aliutazama mara mbili, akasema hajawahi kuuona wa namna hiyo ila kitabuni. Akakata kipande, kikapelekwa Kigali. Tukasubiri wiki nyingi, na Mama akakonda kwa hofu tu.

Jibu lilipokuja, daktari alilisoma kwa Kifaransa: tumeur bénigne, yaani uvimbe usio saratani. Akatufafanulia kwamba ni wa nadra, lakini lazima uondolewe wote, maana ukiachwa unaweza kugeuka saratani. Mama, aliyekulia Bukavu na Kifaransa cha kanisani, alishika neno moja tu.

"Bénie! Mutoto wangu, umesikia? Docteur anasema iko bénie!"

Yaani uvimbe umebarikiwa. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikajiambia nitamsahihisha njiani.

Sikumsahihisha. Jumapili alisimama kutoa ushuhuda: "Batu ya Mungu, hii kitu iko mu kinywa yangu, Mungu ameibariki!" Ngoma zikalia, kanisa zima likapiga makofi. Nami nilipiga. Baada ya hapo, kila nilipomtajia kukatwa aliniuliza, "Utakata kitu Mungu amebariki?" Nikaona haya kumwambia kwamba amekosea neno mbele ya watu wote. Haya hiyo naichukia mpaka leo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi hatukuyaficha, tuliyapigia makofi.

Uvimbe ulitulia miaka minne. Wa tano ukaanza kuuma na kutoa damu, na sambaza zikamshinda kutafuna. Kikakatwa kipande kingine, Kigali tena. Safari hii daktari alisoma polepole, bila kututazama, akasema umegeuka, umeshaingia kwenye mfupa na hapa hakuna wa kuugusa. Mama alingoja mpaka karatasi ikakunjwa, kisha akanigeukia.

"Na ile neno yetu," akauliza, "leo hajaisoma?"

Ndipo nikamweleza bénigne maana yake nini.