Tonge la Bibi

Kila nikisikia harufu ya jiki, narudi uani kwetu Koboko, mji wa mpakani. Bibi alikuwa anaosha maiti za wanawake. Ugonjwa wa kutoka damu ulipovuka mpaka, redio ilikataza kugusa wafu. Wiki hiyo hiyo jirani yetu akafa ghafla.

"Mama, usiende," baba akasema. "Ugonjwa iko."

"Basi nani ataosha yeye?" Bibi akachukua birika, akaenda.

Alirudi mikono inanuka jiki. Tukazunguka sinia, naye kama kawaida akanimegea tonge, akanisogezea mdomoni. Nikafumba midomo.

Akalitia kinywani mwake taratibu, akinitazama.

"Vizuri," akasema. "Kuanzia kesho, chakula yangu weka mlangoni."

Siku ya nane niliikuta sahani ya jana mlangoni kwake, bado imefunikwa.