Magamba ya Omena

Saa kumi na nusu jioni, katika soko la Migori, mwanamke mmoja alifungua gunia la omena, dagaa wa ziwani, kando yangu. Harufu ile kavu, kali, ilinirudisha jikoni kwetu karibu na Mbita.

Mama alikuwa Msabato. Baada ya mahubiri kuhusu chakula cha Edeni, aliweka nadhiri na kuondoa nyama, maziwa, mayai na samaki nyumbani. Sisi wakubwa tulishiba maharagwe. Mdogo wetu aliyatema, akabaki na uji mtupu, hadi nywele zikawa nyekundu na miguu ikavimba.

Ndipo Nyanya, mama yake Baba, akaja na omena ndani ya leso.

"Nyathina, mwanangu, huyu mtoto anaisha."

"Mama, nimemwahidi Mungu."

"Wewe ndio uliahidi. Yeye aliahidi lini? Na Yesu alipofufuka, aliwapikia wanafunzi nini pale ufuoni? Sukuma wiki?"

Nilicheka, Mama akanikazia macho. Nyanya alisugua samaki mmoja kwa kidole gumba, akamwonyesha Mama magamba yaking'aa kiganjani, maana Msabato hali samaki asiye na magamba.

Mama alikitazama kiganja kile, kisha akainama kupuliza moto.

"Yangu usipike," alisema. "Ya mtoto toa vichwa, isimkwame."

Mdogo wetu alimaliza sahani, akalia apewe nyingine, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi kilio chake kilifika hadi kwa jirani.