Matundu ya Kisu

Wavuvi wa Gaba, kijiji cha ufukweni mwa ziwa, walikuwa na mwiko wao: maiti ikinasa wavuni, haitazamwi usoni wala haitajwi. Kipande cha wavu kilichoigusa hukatwa kikaachwa kiende nayo, na mtumbwi ukageuzwa. Atakayeitazama, ziwa litamfuata hadi nyumbani.

Zamani mwiko huo ulihitajika kwa nadra. Mwaka ule wa 1972, watu walipokuwa wakikamatwa usiku na kutupwa ziwani, Akwero, mshona nyavu, aliletewa matundu ya kisu mengi kuliko ya mamba. Tundu la mamba huacha nyuzi zilizovutika; la kisu, kingo zake ni safi. Kila alipoliona alimkumbuka mumewe, Koplo Oryem wa polisi, aliyechukuliwa nyumbani kwao Katwe na watu wasiovaa sare. Hakutumaini tena kwamba angerudi. Alitaka kujua tu, apate kumlilia.

"Huyo aliyenasa humu, alikuwa na kovu kwenye paji la uso?" alimwuliza Marjan, mvuvi aliyemletea wavu.

"Mama Laker, usinitie mkosi. Sisi hatutazami."

"Tazama mara moja tu, baba. Kwa ajili ya mtoto wake."

Dawudi, mwenye mtumbwi, alidakia kutoka ufukweni: "Huyu mama atatulaza njaa! Tukipona ziwani, tutakamatwa na wenye bunduki. Wewe shona, mama, shona!"

Marjan aliuacha wavu, akarudi mtumbwini. Wiki iliyofuata alikuja mikono mitupu. Dawudi alikuwa amemwona akiinama juu ya maji, akamteremsha na kumwonya asikanyage tena mtumbwi wake.

"Nimetazama, dada," alisema Marjan.

Akwero aliweka sindano chini. "Ni yeye?"

"Samaki walikuwa wametangulia. Hapakuwa na uso."

"Na nguo?"

"Suruali. Ya mtu yeyote."

Akwero alitafuta neno la kumshukuru, kisha la kumwomba radhi kwa riziki aliyompotezea; akaokota sindano tena. Marjan aliuliza kama huko Katwe kuna mhunzi anayehitaji mtu wa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto.

"Sijui," alisema Akwero. "Siku hizi kila mtu anaogopa mgeni."

Jioni alipika maharagwe. Binti yake, Laker, aliuliza waliko wale samaki, ngege waliokaushwa jana.

"Wameoza," alisema mama yake, akamsogezea sahani.